Mtoto mgonjwa usiku: mwongozo kamili wa kumkagua nyumbani na kujua kama aende hospitali sasa hivi

Kipupwe kikiingia Moshi, kati ya Juni na Agosti, zahanati yetu inajaa watoto wanaoumwa vifua. Na kila mwaka naona kosa lilelile: mzazi kapima joto, kampa mtoto Panadol, joto limeshuka, nyumba nzima ikalala. Alfajiri mtoto hanyonyi tena. Mzazi huyo hakuzembea, alikesha naye. Ila alipima kitu kimoja tu, na kitu hicho hakikuwa na jibu alilolihitaji.

Ukali wa ugonjwa wa mtoto mdogo uko kwenye pumzi zake, kwenye kunyonya kwake na kwenye anavyokutazama. Kipimajoto kinakuja baadaye. Mwongozo huu ni wa mtoto wa chini ya miaka 5, na ukishauzoea unachukua dakika kumi hivi. Hautakupa jina la ugonjwa. Utakusaidia kuamua: aende sasa hivi, aende leo, au aangaliwe nyumbani.

## Andaa hivi kabla mtoto hajaumwa

- Simu yenye tochi na saa ya kuhesabu sekunde
- Kipimajoto cha kwapani
- Punje sita za maharage na kikombe kitupu (utaona kazi yake)
- Daftari na kalamu
- Kadi ya kliniki ya mtoto
- Pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), vidonge vya zinki, na chupa safi ya lita moja
- Kikombe na kijiko safi
- Nauli iliyowekwa pembeni, na namba ya dereva wa bajaji au teksi anayekubali kuamshwa usiku

Hiyo ya mwisho watu huidharau. Ukikaa mlimani, Uru au Kibosho, mvua za masika zikiwa zimeharibu barabara, dereva unayemfahamu ana thamani kuliko dawa yoyote iliyo kabatini.

## Kwanza: ana umri gani?

Kama mtoto hajafikisha miezi 2, kanuni ni nyingine kabisa. Kichanga hana nguvu ya kuonyesha ugonjwa. Halii sana, hana kikohozi kikubwa, ananyamaza tu.

Mpeleke sasa hivi ukiona hata moja kati ya haya: ameacha kunyonya au ananyonya kidogo kuliko kawaida; joto limefika 37.5 au zaidi; amepoa, joto liko chini ya 35.5; anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika; kifua kinabonyea sana ndani akivuta pumzi; ameshtuka kwa degedege; hajisogezi mpaka umguse; viganja au nyayo zimekuwa za njano; au kitovu chake ni chekundu au kinatoa usaha. Manjano yanayoonekana ndani ya siku ya kwanza baada ya kuzaliwa nayo ni ya hospitali, hata kama yako usoni peke yake.

Usimpe kichanga Panadol ukisubiri pakuche. Namba 115 ya m-mama haina malipo, nayo ni ya dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Kwa mtoto wa miezi 2 na kuendelea, fuata hatua zifuatazo.

## Hatua ya 1: Dalili nne za hatari

Anza na hizi, hata kama unaona tatizo ni kikohozi tu. Dalili moja ikiwepo, acha kukagua, nenda moja kwa moja hatua ya 7.

Hawezi kunywa wala kunyonya. Usiulize, jaribu. Mweke kwenye ziwa au mpe maji kwa kijiko, umtazame. Mtoto aliyeziba pua ataachia ziwa ahemee, kisha atarudi. Msafishe pua ujaribu tena. Asiyeweza kabisa haikamati chuchu, au maziwa yanamtoka pembeni ya mdomo bila kumeza.

Anatapika kila kitu. Maana yake hakuna kinachobaki tumboni: maji, maziwa, dawa. Anayetapika uji lakini anabakiza maziwa hayumo humu.

Amepata degedege katika ugonjwa huu, hata kama imeisha na sasa amelala. Mkojo wa ngedere, moshi wa mavi ya tembo na mganga wa mtaa wa pili vyote vinakula muda ambao ubongo wa mtoto hauna. Akiwa anashtuka: mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, tazama saa ilianza lini. Usimwekee kijiko mdomoni. Usimmwagie maji. Usimnyweshe chochote.

Amelegea au hana fahamu. Mwite jina. Piga makofi karibu yake. Mguse nyayo. Mtoto mwenye usingizi wa kawaida atakunja uso na kukukasirikia, na hasira hiyo ni habari njema. Mtoto wa kuogopesha anafungua macho, anakupita kama hauko, anayafumba tena.

Hatua hii imefaulu pale ambapo umeona kwa macho yako mtoto akimeza na akikufuata kwa macho. "Naona yuko sawa" haihesabiki.

## Hatua ya 2: Kuhesabu pumzi

Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa hiyo nitakaa hapa.

Julai moja alikuja mama kutoka Pasua na mtoto wa miezi 7. Sweta mbili, kofia, blanketi, na kitenge juu yake. Aliniambia kwa uhakika: "Dada, nimehesabu, ni 36." Nikamwomba amfungue. Tukatoa nguo moja moja mpaka tumbo likaonekana. Nikaweka saa mezani tukahesabu wote wawili kwa sauti ya chini. Zilipita 60 dakika haijaisha. Tulimaliza na 68. Alikuwa amehesabu blanketi linavyopanda, na pumzi fupifupi za nimonia hazina nguvu ya kunyanyua blanketi. Mtoto alipelekwa hospitali akawekewa oksijeni, na leo anakimbia. Mama yule hakukosea kwa kutojali. Hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Fanya hivi:

a) Subiri atulie. Akiwa analia hesabu haifai. Wakati mzuri ni akiwa usingizini, au amepakatwa ametulia. Usihesabu akiwa anavuta ziwa.

b) Funua tumbo na kifua. Kabisa, si kupitisha mkono chini ya nguo. Mkono unamsumbua, na mkono wako mwenyewe unatetemeka. Kama ni baridi, funika miguu na kichwa, acha kiwiliwili wazi kwa dakika hiyo moja.

c) Tochi itoke pembeni, si juu. Mwanga wa pembeni unatengeneza kivuli kinachopanda na kushuka, na kivuli ni rahisi kukifuata kuliko ngozi.

d) Chagua sehemu moja ya kutazama, kwa kawaida juu kidogo ya kitovu. Tumbo kupanda na kushuka ni pumzi moja. Wengine wanahesabu kupanda moja na kushuka mbili, wakipata 80 wanachanganyikiwa.

e) Watu wawili. Mmoja ashike saa, aseme "anza" na "basi". Mwingine ahesabu tu. Ukiwa peke yako, weka simu ilie baada ya dakika moja, usiitazame.

f) Tumia maharage. Hesabu moja mpaka kumi, dondosha punje moja kikombeni, anza moja tena. Usiku wa saa nane, umechoka na una hofu, ukifika arobaini na ngapi akili inapotea. Punje hazipotei.

g) Dakika nzima. Hili nalisisitiza. Watoto wadogo hawapumui kwa mpangilio: anapiga haraka, anasimama kidogo, anaendelea. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, unaweza kukosa kabisa au kupata hofu ya bure.

h) Ikiwa nyingi, rudia baada ya dakika chache. Mara mbili zikifanana, ndiyo hesabu yake. Andika zote.

Sasa soma kikombe:

- Miezi 2 mpaka 11: punje tano (pumzi 50 au zaidi) ni kupumua haraka
- Mwaka 1 mpaka chini ya miaka 5: punje nne (pumzi 40 au zaidi)

Punje ya sita ni ya yule wa chini ya miezi 2, kwa pumzi 60.

Homa kali nayo huongeza pumzi. Kama ana homa lakini hana dalili yoyote ya hatua ya 1 wala ya hatua ya 3, mpe Panadol kwa kipimo chake, subiri nusu saa, hesabu tena. Zikibaki juu, homa si kisingizio tena.

Utajua umefaulu pale hesabu mbili, za watu wawili tofauti, zinapokaribiana. Jaribu leo jioni kwa mtoto wako akiwa mzima amelala. Utajua pumzi zake za kawaida, na mkono utazoea.

## Hatua ya 3: Kifua kinaenda wapi?

Usimfunike bado. Tazama pale mbavu za mwisho zinapokutana na tumbo.

Mtoto mzima akivuta pumzi, kifua na tumbo vyote vinatoka nje. Mwenye nimonia kali anavuta pumzi, na sehemu hiyo ya chini ya kifua inabonyea ndani, kama mtu anaivuta kwa uzi. Iwe inaonekana kila pumzi, mtoto akiwa ametulia. Ngozi ya katikati ya mbavu peke yake kuingia kidogo haitoshi.

Sikiliza pia. Anaguna kila akitoa pumzi? Matundu ya pua yanatanuka? Kuna mlio mkali akivuta pumzi hata akiwa hajalia? Fungua mdomo, mulika ulimi na fizi: kwa ngozi zetu, ubluu hauonekani usoni, unaonekana humo. Lolote kati ya haya ni kwenda sasa hivi.

Na jiko la mkaa litoke chumbani. Najua baridi ya Julai ilivyo, na Arusha ni kali zaidi. Lakini moshi unaumiza kifua kinachoumwa tayari, na hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua nyumba nzima bila harufu ya kuwaamsha.

## Hatua ya 4: Joto, na neno kuhusu malaria

Kipimajoto kikae kwapani, mkono umebanwa, mpaka kilie. 37.5 au zaidi ni homa.

Namba hiyo haikuambii ukali. Mtoto wa 39.2 anayecheza na kifuniko cha sufuria ananipa amani kuliko wa 37.1 aliyelala begani kama kitambaa.

Kiasi cha Panadol kinafuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Soma chupa yako. Kama imeandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 5, mtoto wa kilo 8 anapata mililita 5. Pima kwa kipimo kilichokuja na chupa, vijiko vya jikoni havilingani.

Sasa malaria. Katika hospitali mbili za hapa Moshi, mwaka 2007 na 2008, walifuatiliwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa, wakubwa kwa wadogo. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Waliothibitika kuwa nayo walikuwa 14. Huku mlimani homa nyingi ni kitu kingine, na anayempa mtoto dawa mseto ya malaria kwa kukisia anaiacha nimonia iendelee. Lakini usiruke upande wa pili pia: kama mtoto alilala kwenye malaria, kama Kahe, TPC kwenye mashamba ya miwa, Mto wa Mbu au Tanga, wiki za karibuni, liseme hilo mapema. Kwa vyovyote apimwe, ni tone moja la damu.

Dawa za kuua vijidudu zilizobaki za kaka yake, na dawa ya "yutiai" (maambukizi ya njia ya mkojo) uliyoshauriwa dukani bila kipimo, ziache.

## Hatua ya 5: Maji mwilini, kama anaharisha au anatapika

Tazama macho, yameingia ndani kuliko kawaida yake? Wewe unayemjua ndiye wa kujibu, si mimi. Mpe maji, uone. Anayeyakimbilia kwa kiu amepungukiwa. Asiyeyataka au asiyeweza kuyanywa amepungukiwa zaidi.

Kisha bana ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, kwa kidole gumba na cha shahada, uishike kwa sekunde moja uiachie. Inatakiwa irudi papo hapo. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili, imesimama kama mkunjo wa shuka, hilo ni la hospitali sasa hivi.

Kama anaweza kunywa, mpe ORS. Soma pakiti inataka maji kiasi gani. Za kawaida ni lita moja. Usigawe pakiti kwa macho. Baada ya kila choo cha maji, wa chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Mpe kijiko kimoja kimoja, taratibu. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena polepole. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa wa miezi 6 na zaidi, 10 kwa mdogo, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Kunyonyesha kuendelee.

Choo chenye damu kinahitaji kuonwa leo. Soda si ORS.

## Hatua ya 6: Mtazamo wa mwisho, haraka

Linganisha kiganja chake na chako: kikiwa cheupe kama karatasi, damu imepungua sana. Shingo imekakamaa, hawezi kuinama kutazama kitovu chake? Utosi wa mtoto aliyetulia na kukalishwa, umevimba? Kuna madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza? Tafuta kwenye viganja, nyayo na ndani ya kope, huko yanaonekana vizuri. Bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili, si chini, kwa sekunde tatu: vikibaki vishimo, ana uvimbe wa utapiamlo.

Moja tu ikiwepo, nenda sasa hivi.

Nina ombi kwa bibi na mashangazi, kwa heshima yote. Kimeo kisikatwe, na "meno ya plastiki" yasing'olewe. Ile nyama kooni na yale meno machanga ndani ya fizi ni viungo vya kawaida vya mtoto. Nimepokea watoto waliokuja na kuharisha kunakotibika kwa ORS, wakiwa wamepoteza damu na wana vidonda mdomoni vinavyowazuia kunyonya. Shikamoo nawapa, lakini hili naomba mnisikilize.

## Hatua ya 7: Uamuzi

Sasa hivi, usiku huuhuu: dalili yoyote ya hatua ya 1, ya hatua ya 3 au ya hatua ya 6, ngozi inayorudi polepole sana, mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye lolote kati ya niliyoyataja.

Leo: kupumua haraka peke yake, homa ya siku ya pili na kuendelea, homa kwa aliyetoka eneo lenye malaria, macho yaliyoingia ndani huku anakunywa vizuri. Anayepumua haraka akiwa chini ya mwaka mmoja, mimi nisingengoja asubuhi. Kama njia hakuna kabisa, hesabu kila saa moja, uwe mlangoni kunapokucha.

Nyumbani: ananyonya, anakutazama, pumzi ziko chini ya punje zake. Rudia hatua ya 1 mpaka ya 3 kabla hujalala na tena usiku wa manane.

Usiku zahanati nyingi zimefungwa, usipoteze muda kuzigonga. Mjini Moshi nenda Mawenzi au KCMC, Arusha nenda Mount Meru, au hospitali yoyote iliyo wazi karibu yako. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali; kukosa hela kusikufanye ungoje.

## Hatua ya 8: Njiani

Kama anaweza kumeza, mnyonyeshe kabla ya kutoka. Kama hanyonyi lakini anameza, mpe mililita 30 hadi 50 za maji ya sukari: vijiko 4 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, kwenye kikombe cha mililita 200 za maji safi. Sukari ikishuka mtoto anazimika kimyakimya. Asiye na fahamu usimwekee kitu mdomoni.

Mwenye shida ya kupumua akae wima kifuani kwako, uso nje. Kwenye bodaboda watu huwafunika watoto khanga mpaka puani kwa ajili ya upepo. Funika kichwa na mgongo, pua ibaki wazi, na kila baada ya dakika chache mtazame. Kichanga akae ngozi kwa ngozi ndani ya nguo zako.

## Hatua ya 9: Dirishani

Usianze na "ana homa". Kwenye foleni kila mtoto ana homa. Anza na dalili ya hatari, kwa maneno haya: "Hanyonyi tangu saa mbili," au "Amepata degedege," au "Kifua kinabonyea, nimehesabu pumzi 56." Wauguzi wamefundishwa kumtoa kwenye foleni mtoto wa namna hiyo. Ukiambiwa usubiri na unaona anazidi, simama, rudia sentensi hiyohiyo kwa muuguzi mwingine. Huo si usumbufu.

Kisha toa daftari. Ukurasa mmoja unatosha, kwa mfano huu:

*Saa 4:10 usiku. Miezi 9, kilo 8. Ananyonya kidogo, ametapika mara moja. Hajapata degedege. Pumzi 56, baadaye 54. Kifua kinabonyea. Joto 38.4. Panadol mililita 5, saa 3:30 usiku. Amekojoa mara ya mwisho saa 1 jioni. Wiki iliyopita alilala Kahe kwa bibi yake.*